Simu Isiyokaa na Chaji Baada ya Sasisho: Hali ya Garissa na Kaskazini Mashariki

Simu iliyolazwa na asilimia 90 ya chaji ikaamka na 52, siku moja baada ya kupokea programu mpya, huwa na mshukiwa mmoja tu machoni pa mwenyewe: sasisho. Juzi ilikuwa inafika usiku. Leo inazima kabla ya alasiri. Mjini Garissa lalamiko hili humfikia fundi likiwa limekwisha kukatiwa hukumu, kwamba kampuni imeiharibu simu makusudi ili mtu anunue nyingine. Kuna nyakati ambapo shutuma hiyo ina chembe ya ukweli. Mara nyingi zaidi, sasisho limefika siku ambayo chungu kilikuwa tayari na ufa, likabebeshwa lawama ya joto, ya mlingoti wa mtandao ulio mbali na ya betri iliyochakaa. Kuchunguza tatizo hili ni kuyatenganisha mambo manne, sasisho lenyewe na hayo matatu, kwa sababu kila moja lina dawa yake, na dawa ya moja haitibu jingine.

Kazi ya sasisho haimaliziki pale simu inapowaka na kuonyesha sura mpya. Programu za Android huandikwa kwa lugha ya kati ambayo prosesa haiielewi moja kwa moja; sehemu ya mfumo iitwayo ART ndiyo huzigeuza kuwa amri za prosesa na kuzihifadhi tayari kwa matumizi. Mfumo ukibadilishwa, sehemu kubwa ya hifadhi hiyo haifai tena, na programu zote, kuanzia WhatsApp hadi ile ya benki, hugeuzwa upya. Wenye simu za Android 5 na 6 wanakumbuka jinsi skrini ilivyosimama ikihesabu programu moja baada ya nyingine kabla ya kufunguka. Tangu Android 7 ya mwaka 2016 kuhesabu huko kumeondolewa, lakini kazi haikuondolewa: imeahirishwa tu. Sehemu moja hufanyika polepole programu zinapotumiwa, na sehemu kubwa hufanyika simu ikiwa imetulia na ikiwa kwenye chaji. Juu ya hapo picha hupangwa upya, programu zenyewe hujisasisha moja baada ya nyingine kutoka dukani, na akaunti huanza kulinganisha barua na namba za simu na zile zilizo kwenye seva. iPhone nayo hupitia mambo hayohayo, hasa kupanga picha na kuandaa faharasa ya utafutaji, na Apple yenyewe huwaambia wateja kwamba chaji inaweza kupungua kwa muda baada ya sasisho kubwa.

Kipo pia kinachopotea bila kuonekana. Tangu Android 9 ya mwaka 2018, simu hujifunza tabia za mwenyewe: programu anazogusa mara kwa mara huachwa huru, na zile anazozisahau hubanwa zisiamke ovyo. Baada ya sasisho kubwa, ujuzi huo unaweza kuanza upya, na kwa siku kadhaa programu zilizokuwa zimefungwa kamba hurandaranda tena.

Vitabu vya maelekezo husema mambo haya hutulia baada ya siku mbili au tatu. Ahadi hiyo imejengwa juu ya desturi fulani ya kuchaji, ambayo waandishi wa maelekezo wameizoea kiasi cha kutoitaja: mtu anaingia kulala, anachomeka simu ukutani, Wi-Fi ipo, na simu inakaa hapo saa saba au nane bila kuguswa. Mfumo umepangiwa kufanya kazi zake nzito katika saa hizo. Kaskazini Mashariki desturi hiyo ni ya wachache. Mji wa Garissa umeunganishwa na gridi ya taifa, lakini miji ya Wajir na Mandera kwa miaka mingi imetegemea jenereta za dizeli zilizo nje ya gridi, na vijiji vingi havina hata hizo. Simu huchajiwa mchana kwenye sola ya nyumbani, au kwenye kibanda ambako hukaa pamoja na nyingine ishirini, mara nyingi ikiwa imezimwa kabisa ili ijae haraka. Simu iliyozimwa haifanyi kazi yoyote. Mwenyewe anaichukua jioni ikiwa imejaa, na orodha ya kazi zilizoahirishwa bado ni ileile. Zile ambazo mfumo unaweza kuzifanya bila chaji zitafanyika mfukoni, kwa gharama ya betri. Zile zinazosubiri chaji na utulivu zitaendelea kusubiri, na programu zisizokamilika kugeuzwa zitaendesha prosesa kwa nguvu zaidi kuliko inavyostahili. Ndiyo maana sasisho ambalo Nairobi husahaulika baada ya usiku mmoja linaweza kuisumbua simu ya Hulugho au Elwak kwa wiki nzima bila kuwa na hitilafu yoyote.

Dawa yake ni rahisi, nayo inastahili kujaribiwa kabla ya nyingine zote: kuitafutia simu usiku mmoja au miwili mizima ikiwa inawaka, iko kwenye chaji, imetulia, na ina Wi-Fi ikiwezekana, hata kama ni kwa jamaa aliye mjini.

Jambo la pili ambalo sasisho hulifanya kweli ni kubadilisha mipangilio. Aina ya mtandao inayopendelewa inaweza kurudi kwenye ya juu kabisa, yaani 5G au 4G, hata kama mwenyewe alikuwa ameishusha. Utafutaji wa Wi-Fi na Bluetooth uliozimwa unaweza kuwaka tena. Simu za bei nafuu zinazotawala eneo hili, Tecno, Infinix na itel za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, hutumia mifumo kama HiOS na XOS iliyojengwa juu ya Android, na sasisho linaweza kurudisha programu za kiwandani, matangazo na picha za skrini zinazojibadilisha zenyewe. Kila moja ni mdomo mdogo. Kuzipitia zote na kuzizima ni kazi ya dakika kumi, na katika simu hizi aghalabu ndiyo dakika kumi zenye faida kubwa kuliko zote.

Shutuma kwamba kampuni hupunguza nguvu za simu kupitia masasisho haikuzuka hewani. Januari 2017 Apple ilitoa iOS 10.2.1, iliyopunguza kasi ya iPhone 6, 6s na SE ambazo betri zake zilikuwa zimechakaa, bila kueleza waziwazi. Ilikiri Desemba mwaka huo, ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na Machi 2018, kwa iOS 11.3, ikaweka ukurasa unaomwonyesha mwenye simu hali ya betri yake. Miaka miwili baadaye ilikubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi nchini Marekani. Januari 2025 Google nayo ilipeleka sasisho kwenye Pixel 4a lililopunguza kiasi cha chaji ambacho baadhi ya betri ziliruhusiwa kubeba, kwa sababu ya hatari ya kupata moto kupita kiasi. Kampuni hizo zilistahili lawama kwa namna zilivyowaarifu wateja. Hata hivyo, katika visa vyote viwili betri ilikuwa na ugonjwa kabla ya sasisho kufika. Programu iliukuta ugonjwa na kuufunika au kuudhibiti. Mwenye Tecno au Samsung ya kawaida mjini Garissa hana sababu ya kuamini kwamba amefanyiwa hivyo. Ana sababu kubwa zaidi ya kulitazama jua.

Garissa iko takriban mita 150 juu ya usawa wa bahari, kando ya Mto Tana, na jotoridi la mchana huko huzunguka nyuzi 34 hadi 37 za Selsiasi, likipanda zaidi mwishoni mwa kiangazi kiitwacho jilaal, miezi ya Februari na Machi. Apple huwashauri wateja watumie simu zao katika hewa isiyozidi nyuzi 35, na kuonya kwamba joto zaidi ya hapo laweza kuidhuru betri moja kwa moja. Kwa kipimo hicho, alasiri ya kawaida ya Garissa, bila wimbi lolote la joto, iko kwenye mpaka au nje yake.

Hesabu ifuatayo inaonyesha uzito wa jambo lenyewe. Betri za lithiamu za simu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto la ndani linalozidi nyuzi 45 hivi. Simu nyingi hupunguza mkondo wa chaji zinapokaribia hapo, au husimamisha kabisa. Kuchaji pamoja na prosesa yenye kazi nyingi kunaweza kuipandisha simu nyuzi kumi juu ya hewa inayoizunguka. Nairobi, kwenye nyuzi 24, simu hiyo itafika 34 na mwenyewe hatajua lolote. Garissa, kwenye nyuzi 36, itafika 46. Simu iliyosasishwa asubuhi na kuwekwa kwenye chaji mchana itakuwa ya moto mkononi, itachaji kwa kusuasua, na jioni itakuwa na asilimia 60 wakati ilizoea kujaa. Mwenyewe ataona sasisho. Alichokiona hasa ni tofauti ya nyuzi kumi na mbili baina ya miji miwili.

Hayo ni madhara ya siku moja, nayo hupona. Yasiyopona ni ya miezi. Ndani ya betri, juu ya ncha ya grafiti, kuna utando mwembamba unaojijenga kila siku na kumeza lithiamu kidogo kidogo. Joto huuharakisha, na chaji iliyojaa huuharakisha zaidi. Vipimo vinavyotajwa sana, vya Battery University, husema betri iliyohifadhiwa mwaka mzima ikiwa imejaa katika nyuzi 25 hubaki na uwezo wa asilimia 80 hivi, na katika nyuzi 40 hubaki na 65. Ikihifadhiwa katika nyuzi hizohizo 40 lakini na chaji ya asilimia 40 tu, hubaki na 85. Tofauti hiyo ya mwisho ndiyo yenye somo kwa watu wa nchi ya jua: hali ya hewa haina mwenye kuibadilisha, lakini kiasi cha chaji kinachokaa ndani ya simu saa za joto kali kiko mikononi mwa mwenyewe. Simu nyingi mpya zina kitufe cha kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Kwa anayepata stima kila siku, kitufe hicho kiachwe wazi. Kwa mchungaji anayerudi kwenye chaji mara moja kwa siku tatu, ushauri huo hauna maana, na hakuna haja ya kumsomea.

Sola inahitaji neno lake. Desemba 2019 huko Garissa ulizinduliwa mtambo wa umeme wa jua wa megawati 50, na jua hilohilo sasa huendesha taa na simu za nyumba nyingi kupitia paneli ndogo za juu ya mabati. Tatizo haliko kwenye paneli, liko mahali simu inapowekwa. Waya wa kuchajia ni mfupi, basi simu hulazwa kando ya paneli, juani, au chini ya mabati yenyewe ambako hewa ni kama ya tanuri. Paneli za bei ya chini zisizo na kidhibiti huleta jingine: wingu likipita, chaji hukatika na kurudi, na kila inaporudi skrini huwaka. Waya mrefu unaoifikisha simu kwenye sakafu ya saruji, kivulini, ikiwa imevuliwa kava, una faida kuliko programu yoyote ya kutunza betri. Dashibodi ya gari la Probox lililoegeshwa juani hupita nyuzi 60. Hapo ni mahali pa kuiua betri, wala si pa kuiweka simu kwa dakika tano.

Mtandao ndio mlaji mwingine, na huenda ndiye mkubwa zaidi nje ya miji. Simu haitumii nguvu sawa kila mahali. Ikiwa karibu na mlingoti, simu ya 2G inaweza kunong'ona kwa milliwati chache. Ikiwa mbali inapaza sauti hadi kufikia wati 2, mara mamia kadhaa. Ikipoteza mawimbi kabisa, huanza kupekua masafa yote inayoyajua, hupumzika kidogo, kisha huanza tena. Kaskazini Mashariki milingoti ni michache na maeneo ni mapana, na katika miaka ya karibuni wapiganaji wa al-Shabaab wameishambulia na kuilipua milingoti mara nyingi katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Mlingoti ukianguka, simu za kijiji kizima huhamia kwenye mlingoti wa mbali au hubaki zikipekua. Hakuna tangazo linalotokea kwenye skrini kusema hivyo. Kinachoonekana ni mstari mmoja wa mawimbi na betri inayoporomoka, na kama wiki hiyo ilikuwa na sasisho, kesi imepata mshtakiwa.

Laini mbili huzidisha jambo hili maradufu, kwa kuwa kila laini ina utafutaji wake. Mandera kuna utata wa ziada: mji umekaa pembeni mwa nchi tatu, Bula Hawa ya Somalia na Suftu ya Ethiopia zikiwa upande wa pili, na wafanyabiashara wengi hubeba laini za pande mbili. Simu iliyoachwa ichague mtandao yenyewe inaweza kudaka mtandao wa jirani, na kila inapokuwa ugenini huutafuta mtandao wa nyumbani baada ya kila dakika kadhaa. Sasisho likirudisha uchaguzi wa mtandao kuwa wa moja kwa moja, tabia hiyo huanza bila mwenyewe kugusa kitu. Dawa ni kuchagua mtandao kwa mkono, kuzima laini isiyotumika siku hiyo, na kushusha aina ya mtandao inayopendelewa kulingana na mahali: 4G mjini, 2G au 3G porini ambako 4G haipo. Kwa safari ya basi kutoka Garissa kwenda Wajir, sehemu kubwa ya njia haina mawimbi ya kutegemewa, na hali ya ndegeni itaifikisha simu ikiwa na chaji ya kutosha kumpigia mwenyeji.

Kinachobaki ni betri yenyewe na namba inayoandikwa juu ya skrini. Asilimia haisomwi moja kwa moja kutoka kwenye betri kama mafuta kwenye mtungi. Ni makisio yanayofanywa kwa kuhesabu umeme unaoingia na kutoka na kuulinganisha na uwezo unaodhaniwa. Betri ikichakaa, dhana hiyo hupotoka, na sasisho linaloanzisha hesabu upya huweza kufichua ukweli uliokuwa umefichika. Simu inayoruka kutoka 34 hadi 19, au kuzima ikiwa na 20, haijaanza kula chaji nyingi. Imeacha kudanganya, au inadanganya kwa namna mpya. Uchakavu pia huongeza ukinzani wa ndani: prosesa ikidai mkondo mkubwa kwa ghafla, kama inavyofanya siku za baada ya sasisho, volti hushuka chini ya kiwango kinachohitajika na simu hukata. Betri ya 5,000 mAh iliyobaki na asilimia 70 ya uwezo wake ni betri ya 3,500. Kazi iliyokuwa ikila asilimia 10 kwa usiku sasa itakula zaidi ya 14, bila programu yoyote kubadilika. Simu zilizotumika Ulaya au Dubai, zinazofika Garissa kupitia maduka ya Eastleigh jijini Nairobi, huja na uchakavu huo ndani, hata kama kioo kinang'aa.

Uchunguzi wenyewe huanza kwa kutazama, kabla ya kugusa. Kwenye Mipangilio, sehemu ya Betri huonyesha matumizi ya kila programu. Programu moja ikiwa na sehemu kubwa isiyolingana na muda ilioonekana kwenye skrini, mchunguzi amempata mtu wake, na dawa ni kuisasisha, kuizuia isifanye kazi chinichini, au kuiondoa. Zichunguzwe kwanza zile zilizoingizwa kwa faili kutoka kwa rafiki badala ya dukani. GBWhatsApp na ndugu zake hupendwa sana, lakini hazikutengenezwa na wenye WhatsApp, na wala hazipimwi na yeyote kwa ajili ya chaji au usalama. Mara nyingine kinachoitwa sasisho ni faili la namna hii lililotumwa kwenye kundi, na halikutoka kwa mtengenezaji wa simu hata kidogo.

Orodha isipomtaja mtu, kipimo kizuri ni cha usiku tatu. Usiku una faida kwamba huliondoa jua kwenye hesabu. Simu ianze kila usiku na asilimia ileile, tuseme 80, iwekwe mahali palepale, isiguswe kwa saa nane. Usiku wa kwanza iwe katika hali ya ndegeni. Wa pili iwe na laini zake lakini data imezimwa. Wa tatu data iwe wazi. Simu nzima katika hali ya ndegeni kwa kawaida hupoteza asilimia 1 hadi 3. Ikiwa usiku wa kwanza imepoteza 2 na wa pili 15, mlaji ni mlingoti. Ikiwa wa pili ni 5 na wa tatu 25, mlaji ni programu zinazovuta data, au kazi za sasisho ambazo hazijaisha. Ikiwa hata usiku wa kwanza, bila mtandao na bila kuguswa, imepoteza 12, tatizo liko kwenye mfumo au kwenye betri, na hapo simu huwashwa katika hali salama, ambayo hufunga programu zote zilizoongezwa, na kipimo hurudiwa. Ikiwa usiku zote tatu ni nzuri na mchana ndio mbaya, ni skrini na jua. Nje, saa sita mchana, simu hupandisha mwanga hadi mwisho ili isomeke. Kuweka rangi nyeusi hakusaidii simu nyingi za bei nafuu, kwa kuwa skrini zake za LCD huwaka taa ileile nyuma ya rangi yoyote. Kwenye skrini za OLED kunasaidia.

Betri inayoshukiwa huishia mezani kwa fundi. Mgongo wa simu hupashwa moto kidogo ili gundi ilegee, huinuliwa kwa kipande chembamba cha plastiki, waya wa betri huchomolewa kwanza, kisha betri hutolewa. Fundi mzoefu hana haraka ya kuchukua mita. Huilaza betri juu ya kioo cha meza na kuisukuma kwa kidole upande mmoja. Betri nzima hukwama, kwa kuwa imekaa bapa. Iliyofura huzunguka kama pia, kwa sababu tumbo lake tu ndilo linalogusa kioo. Betri inayozunguka hairudi ndani ya simu, hata kama mwenyewe anaomba aisogeze mpaka mwisho wa mwezi: gesi iliyomo ni dalili kwamba kemikali zake zimeharibika, na kuibana tena chini ya mgongo wa simu ni kuhatarisha moto.

Kuna tiba zinazofanywa sana zisizo na faida. Programu za kufagia kumbukumbu hufunga programu ambazo dakika moja baadaye hufunguka tena, na kufungua upya hula zaidi kuliko kuziacha. Kuimaliza betri hadi sifuri mara kwa mara ili kuifunza ni urithi wa betri za nikeli. Kwa lithiamu ni kuichosha. Kufuta simu yote na kuianza upya husaidia kweli pale mfumo ulipovurugika, lakini mafundi wengine huanza nayo kwa sababu ni rahisi kwao, na mteja hupoteza picha, majina na mazungumzo ya biashara kwa tatizo ambalo lilikuwa la mlingoti. Iwe ya mwisho, na iwe baada ya kuhifadhi kila kitu.

Kukataa masasisho kabisa si kinga. Yaliyo mengi huziba mianya ya usalama, na simu yenye pesa za M-Pesa ndani haifai kuachwa wazi. Kinachowezekana ni kuchagua wakati: jioni, Wi-Fi ikiwepo ili bando isiishe, stima ikiwa ya uhakika, na usiku mzima mbele. Sasisho dogo la kurekebisha makosa mara nyingi hufuata lile kubwa baada ya wiki chache, na asiye na haraka anaweza kulisubiri hilo.

Betri mpya inunuliwe kwa namba iliyoandikwa kwenye ile ya zamani, na si kwa jina la simu tu. Ilinganishwe unene na uzito: inayodai 5,000 mAh lakini ni nyepesi kuliko ile iliyotolewa haina 5,000. Ile ya zamani isitobolewe, isipewe watoto, na isitupwe kwenye jaa, kwa sababu taka za miji hii huchomwa na lithiamu hulipuka motoni. Fundi anayepeleka vyuma chakavu Nairobi aombwe aijumuishe kwenye mzigo wake. WEEE Centre ya Nairobi hupokea betri za simu.